Ligi yetu ya chemsha bongo inataka kuvunjika kwa sababu ya maswali

Ndugu Mshauri,

Salaam. Mimi ni katibu wa ligi ya chemsha bongo inayochezwa kwenye mabaa kila Jumanne usiku. Tuko timu tisa. Kila wiki nane zinacheza, yaani mechi nne katika baa nne kwa wakati mmoja, na ya tisa inapumzika. Hiyo inayopumzika ndiyo inayotunga maswali ya usiku huo kwa mechi zote nne. Mechi ina raundi nane, kila timu inaketisha wachezaji wanne, na kila mchezaji anaulizwa swali moja katika kila raundi. Akijibu peke yake anapata alama mbili. Akishindwa, swali linavuka kwa wapinzani, wanashauriana, na wakipata wanachukua alama moja ya bonasi. Timu iliyoshinda kurusha sarafu huchagua kuanza au kufuata, na utaratibu huo haubadiliki hadi mechi iishe.

Msimu huu kelele zimezidi. Kwanza, timu zinazoanza zinashinda mno, hata watu wanasema mechi inaamuliwa na sarafu. Pili, wiki hii matokeo ni 61 kwa 48, wiki ijayo 23 kwa 19, na wachezaji ni walewale. Tatu, majibu. Juzi karatasi ilisema mji mkuu wa Kazakhstan ni Nur-Sultan. Mchezaji akasema Astana, akanyimwa, na timu yake ikafungwa kwa alama moja. Kabla ya hapo tuliulizwa nani alikuwa wa kwanza kukimbia marathoni chini ya saa mbili. Karatasi ilisema Eliud Kipchoge, upande wa pili ukadai mbio zile hazitambuliwi na swali lifutwe. Baa moja wakalifuta, tatu wakaliacha. Nne, tunayo timu ya wapenzi wa mbio za magari. Ikifika zamu yao, robo ya usiku ni magari.

Wako wanaotaka mtu mmoja apewe kutunga msimu mzima. Wengine wanataka tuokote maswali kwenye intaneti au tuiachie programu ya akili bandia. Timu mbili zimetishia kujitoa. Tushike lipi?

Katibu wa lawama

*

Ndugu Katibu,

Usimpe mtu mmoja. Timu tisa zikikutana nyumbani na ugenini ni wiki 18, na kwa maswali 64 kila wiki mtu huyo atatakiwa kutunga 1,152. Hata akiweza, kabla ya nusu ya msimu wachezaji watakuwa wameshamsoma: anapenda muziki wa miaka gani, bara gani halijui vizuri, michezo ipi haigusi. Zamu yenu ni nzuri. Kila timu inatunga seti mbili tu kwa msimu, na kwa kuwa watunzi ndio wanaopumzika, hakuna anayecheza maswali yake mwenyewe. Kinachokosekana ni hatua moja katikati, baada ya mtunzi na kabla ya baa. Hakuna anayeyahakiki.

Lakini tuanze na sarafu, maana hiyo inatibika Jumanne hii hii. Mtunzi akiandika jozi ya maswali, moja la upande huu na moja la upande ule, la kwanza kumjia kichwani huwa ni lile ambalo wengi wanalijua. La pili analitafuta ili lifanane na la kwanza, na kutafuta humpeleka mbali zaidi. Hivyo katika kila jozi la kwanza linakuwa rahisi kidogo. Kidogo hicho mkikirudia mara 32, upande mmoja ukiwa ndio unaopokea la kwanza usiku kucha, mechi imekwisha kabla ya raundi ya mwisho. Tiba ni mbili na zote mbili zinahitajika. Timu zipokezane kuanza: moja ianze raundi za 1, 3, 5 na 7, nyingine 2, 4, 6 na 8. Sarafu ibaki kuamua raundi ya kwanza tu. Kisha, seti ikishakamilika, mhakiki arushe sarafu kwa kila jozi kuamua lipi lisomwe kwanza. Kazi ya dakika tano.

Sasa jozi zenyewe, ambazo ndizo roho ya ligi ya aina yenu. Watunzi wengi wanadhani jozi ni maswali mawili ya mada moja. Wanauliza binadamu alitua mwezini mara ya kwanza mwaka gani, halafu wenzao wanaulizwa mara ya mwisho ilikuwa mwaka gani. Yanafanana kwa sura. Ila 1969 inajulikana na karibu kila mtu anayekaa kwenye kiti cha chemsha bongo, na 1972 inajulikana na wachache. Pacha wa 1969 ni tukio jingine lenye uzito huohuo, tuseme mwaka ambao Ukuta wa Berlin ulifunguliwa, 1989. Kinachopimwa ni idadi ya watu wanaotazamiwa kujua. Mada ikilingana pia ni ziada njema.

Jozi zinaharibika kwa njia nyingine tatu ambazo hujitokeza kila msimu. Ya kwanza ni orodha fupi: "Taja nchi moja ya Baltiki", kisha pacha wake "Taja nyingine." Wa kwanza ana majibu matatu ya kuchagua (Estonia, Latvia, Lithuania), wa pili amebakiwa na mawili. Ya pili ni jozi inayovuja. Ukiuliza sayari kubwa kuliko zote, kisha ya pili kwa ukubwa, anayefuata ameshaondolewa Mshtarii na jibu la mwenzake. Ya tatu ni swali la njia mbili, ndiyo au hapana, kaskazini au kusini. Kwa kanuni yenu ya bonasi hilo ni sumu: mchezaji akikosea, wapinzani wanaokota alama bila kujua chochote, kwa sababu jibu lililobaki ni moja. Liandikeni kwenye kanuni kabisa kwamba swali lisilo na angalau majibu manne yanayowezekana halikubaliki.

Kuhusu matokeo ya kupanda na kushuka, mpeni mtunzi shabaha ya namba badala ya kumwambia "usitunge magumu". Kwa maswali 64, lengeni 32 yajibiwe na mwenye swali, 24 yavuke na kupata bonasi, na 8 yafe, yaani yasijibiwe na upande wowote. Hesabu yake ni alama 64 na 24, jumla 88 kwa timu zote mbili pamoja. Usiku wenye jumla kati ya 80 na 95 ni usiku mzuri. Ile 61 kwa 48 ni 109, maswali yalikuwa laini mno. Ile 23 kwa 19 ni 42, na hiyo si chemsha bongo tena, ni mtihani wa kufelisha. Swali lililokufa linachosha baa nzima, na mtunzi anayelitunga mara nyingi hulipenda sana kwa sababu amelijua jana yake.

Ili kufikia shabaha hiyo, watu wawili katika timu ya watunzi ambao hawakuandika swali husika walipe daraja kuanzia 1 (rahisi) hadi 5 (gumu), kila mmoja peke yake, bila kuoneshwa jibu. Jozi ambayo maswali yake yanapishana kwa zaidi ya daraja moja ivunjwe, kila swali litafutiwe mwenza mwingine. Swali lililopewa 5 na wote wawili litoke. Kutooneshwa jibu ni muhimu kuliko inavyoonekana, kwani mtu akishaliona jibu hujihisi alikuwa analijua tangu zamani.

Wapenzi wa magari hawana kosa kubwa kama hakuna mgawo ulioandikwa. Wekeni mgawo. Kwa jozi 32 huu unafaa: jiografia 5, historia 5, sayansi na teknolojia 5, michezo 5, fasihi na lugha 3, muziki 3, filamu na televisheni 3, mambo ya sasa 2, na jozi 1 ya mengineyo. Ndani ya michezo, mchezo mmoja usizidi jozi mbili. Angalieni na viti. Mchezaji wa kiti cha kwanza anapokea jozi ya kwanza ya kila raundi, na mtunzi mvivu akiweka michezo hapo kila mara, mpenzi wa mpira ataketi kwenye kiti hicho na kuvuna. Kila kiti kipate angalau mada tano tofauti katika maswali yake manane.

Nije kwenye majibu, penye ugomvi wenu mkubwa. Kisa cha Kazakhstan kina historia ndefu: mji huo uliitwa Astana mwaka 1998, ukabadilishwa kuwa Nur-Sultan 2019, ukarudishiwa jina la Astana 2022. Karatasi yenu ilinakiliwa mahali palipopitwa na wakati, na mchezaji aliyenyimwa alikuwa sahihi. Maswali ya namna hii yana tarehe ya kuoza: miji mikuu, rekodi za dunia, wenye vyeo, "mrefu kuliko yote", idadi ya kitu chochote. Idadi ya miezi inayoizunguka sayari ya Zohali ni mfano wa kuogopesha. Mwaka 2023 Mshtarii na Zohali zilinyang'anyana uongozi ndani ya miezi michache, kisha Machi 2025 Zohali ikaongezewa miezi 128 kwa mpigo na kufikisha 274. Mtunzi aliyetumia kitabu cha zamani ameangamia. Kila swali la aina hii lipewe alama ya nyota pembeni, na mhakiki alitazame upya siku mbili kabla ya mechi.

Kanuni ya vyanzo ni viwili kwa kila jibu, na visiwe vimenakiliana. Kurasa tatu zenye sentensi ileile ni chanzo kimoja. Kuweni macho na yale ambayo kila mtu "anayajua": kwamba Ukuta wa China unaonekana kwa macho kutoka mwezini (hauonekani), au kwamba Edison peke yake alivumbua balbu (Joseph Swan alikuwa na yake Uingereza wakati huohuo). Maswali ya kipimo nayo yataje kipimo. "Mlima mrefu kuliko yote" unaweza kujibiwa Everest kwa kuanzia usawa wa bahari, au Mauna Kea kwa kuanzia kitako chake chini ya bahari, na mjuaji mmoja atatosha kuisimamisha mechi robo saa.

Swali la Kipchoge liliharibiwa na maneno. Alikimbia kwa saa 1:59:40 mjini Vienna, Oktoba 2019, lakini lilikuwa jaribio maalumu lenye wasaidizi wa kupokezana mbele yake, kwa hiyo halikuhesabiwa kuwa rekodi rasmi. Swali lenu liliwaacha watu wajadili maana ya "kukimbia marathoni". Liandikwe hivi: "Katika jaribio maalumu lililofanyika Vienna mwaka 2019, ni mwanariadha gani alimaliza umbali wa marathoni kwa muda wa saa 1, dakika 59 na sekunde 40?" Limekuwa refu kidogo, ila halibishiki leo wala miaka kumi ijayo. Kwa kawaida swali lisizidi maneno 25. Mada itajwe mwanzoni, kinachoulizwa kije mwishoni, na kiwe kimoja. Ukiona "na" mbili katika swali, huenda kuna maswali mawili yamejificha humo.

Chini ya kila jibu mtunzi aandike mistari miwili au mitatu ya kumwongoza msomaji. Kwa mfano, swali ni nani alipata Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 1911:

Jibu: Marie Curie.
Kubali: Maria Skłodowska, Skłodowska-Curie.
Omba ufafanuzi: "Curie" pekee (mumewe Pierre na binti yao Irène nao walipata Nobeli).
Kataa: Pierre Curie.

Mstari wa "omba ufafanuzi" ndio unaookoa ndoa nyingi za chemsha bongo. Mchezaji akisema "Roosevelt" au "Bush" (kila jina lina marais wawili wa Marekani), msomaji asikubali wala asikatae, aulize "yupi?", ampe sekunde tano. Bila mstari huo, msomaji mmoja atauliza na mwingine atapitisha, na mechi nne za usiku mmoja zitakuwa zimechezwa kwa sheria nne. Majina magumu kutamka yaandikwe jinsi yanavyosomwa.

Mhakiki apatikane wapi, wakati kila mtu anacheza? Tafuteni wawili kutoka timu zenye watu watano au zaidi, wapokezane wiki. Aliyehakiki seti hachezi wiki hiyo. Anakuwa msomaji katika mojawapo ya baa, ambako kazi yake imemwandaa vizuri kuliko mtu yeyote, ila si katika mechi ya timu yake. Ratiba iwe hivi: seti imfikie siku kumi kabla, airudishe na maoni ndani ya siku tatu, na nakala ya mwisho iwe tayari siku nne kabla ya mechi. Asome kila swali kwa sauti. Jicho linasamehe mengi ambayo sikio halisamehi, na baani watu wanasikia, hawasomi. Nakala ziende katika bahasha zilizofungwa, moja kwa kila baa, zifunguliwe na msomaji dakika 15 kabla ya kuanza.

Kwenye seti kuwe na jozi nne za akiba, mbili za daraja la kati na mbili rahisi, na maswali mawili ya kuvunja sare. Akiba hutumika pale mtu wa meza ya jirani anapopaza jibu (atapaza, hasa baada ya raundi ya tano), au msomaji anapoteleza akasoma jibu. Likiharibika swali moja ambalo pacha wake ameshajibiwa, badilisheni hilo moja tu kwa la akiba la daraja hilohilo. La kuvunja sare liwe la makadirio ya namba: kila timu inaandika, zinaonyeshwa pamoja, aliye karibu zaidi anashinda. Urefu wa Mlima Aconcagua wa Argentina kwa mita (6,961) unafaa. Wa Kilimanjaro haufai, wengi wanao kichwani tangu shuleni.

Usomaji ufanane kote. Swali linasomwa mara mbili, saa inaanza baada ya mara ya pili, sekunde 20 kwa mwenye swali na 15 kwa bonasi. Jibu la kwanza kutamkwa ndilo linalohesabiwa, na kwa bonasi anasema nahodha peke yake. Simu zilazwe kifudifudi katikati ya meza. Mechi zote nne zianze dakika ileile. Baa moja ikichelewa nusu saa, maswali ya raundi ya kwanza yameshafika huko kwa ujumbe wa simu. Mechi iliyoahirishwa isichezwe kwa maswali ya wiki iliyopita hata kama kila mtu anaapa hajayasikia. Kwa ajili hiyo katibu aweke seti kamili moja ya akiba, iliyohakikiwa, isiyo na maswali ya nyota.

Pingamizi nalo liwe na utaratibu mmoja. Nahodha analitoa kabla ya swali linalofuata kusomwa, mwandika alama anaandika namba ya swali na jibu lilivyotamkwa, na mechi inaendelea kwa uamuzi wa msomaji. Hakuna kuchungulia intaneti hapo. Wewe unaamua ndani ya saa 48, na uamuzi wako unagusa mechi zote nne. Karatasi ikiwa ndiyo iliyokosea, wote waliotoa jibu sahihi kwa maandishi ya mwandika alama wanarudishiwa. Swali likiwa bovu kabisa, linafutwa pamoja na pacha wake kila mahali. Kufuta moja na kuacha la pili kunampa mtu zawadi. Kwa mechi ya Kazakhstan mna njia moja ya haki: rudisheni alama mbili kwa aliyesema Astana, ondoeni bonasi kama ilitolewa kwa wapinzani, na matokeo yabadilike. Watanuna wiki moja.

Mwambie kila mwandika alama akutumie picha ya karatasi yake. Kila swali limeulizwa mara nne usiku huo, mara moja katika kila baa, kwa hiyo usihukumu jozi mojamoja kwa watu wanne. Jumlisha badala yake maswali yote yaliyosomwa kwanza katika jozi, na yote yaliyosomwa pili. Kila kundi lina majaribio 128. Ukikuta la kwanza limejibiwa 74 na la pili 51, mhakiki amesahau kurusha sarafu, na unayo namba ya kumwonyesha. Tofauti ndogo, kama 66 kwa 61, ni bahati ya usiku.

Kuhusu programu ya akili bandia na maswali ya kuokota: yanafaa kumpa mtunzi mawazo anapokwama kwenye jozi ya tatu ya muziki. Yasipelekwe baani yalivyo. Programu inajibu kwa ujasiri uleule inapokosea, hurudiarudia mambo yaleyale, na haijui nani anaketi kwenye viti vyenu. Maswali ya kuokota yana balaa jingine, kwamba wachezaji wenu wazuri wameshayasoma hukohuko mnakookota. Kanuni ya vyanzo viwili iyahusu sawasawa na yale yaliyotungwa kwa mkono.

Ukitaka kuanza bila kupigiwa kura tatu za wanachama, anza na kupokezana raundi na mgawo wa mada Jumanne hii, kwani havihitaji mtu mpya. Mhakiki aingie na seti ambayo mtunzi wake bado ana siku kumi mbele yake. Timu mbili zinazotishia kujitoa, waombe kila moja ikupe mtu mmoja wa kuhakiki.

Mshauri